Uzoefu wangu na kijitabu cha bure cha Call of Cthulhu hapa Lubumbashi

Tuanze na bei, maana huku kwetu ndilo swali la kwanza: ni bure. Chaosium, wachapishaji wa Marekani wanaotoa mchezo wa Call of Cthulhu, wameweka kwenye tovuti yao PDF ya kuanzia, yenye kanuni za msingi na kisa kizima cha kuchezwa, na hawakudai hata franka moja. Kikundi chetu cha Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, kimeichezea vya kutosha, kwa hiyo naweza kuisifu na kuisema.

Call of Cthulhu ni jeu de rôle, yaani mchezo wa kuigiza wahusika. Kwa asiyejua aina hiyo: watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza mko wapi na kuna nini mbele yenu, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu inaamua. Hakuna ubao wala mshindi. Kuna masolo (maongezi) marefu, vicheko na chai.

Wengi huanza na Dungeons & Dragons kwa sababu ndiyo yenye jina. Mimi niliwachagua hawa, na sababu yangu imo katika historia yao. Chaosium ilianzishwa na Greg Stafford huko California mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Dungeons & Dragons kutoka. Alikuwa na mchezo wake wa vita vya ubaoni, White Bear and Red Moon, ambao wengine walishindwa kumchapishia, basi akauchapisha mwenyewe. Mwaka 1978 wakatoa RuneQuest, kazi ya Steve Perrin na wenzake, na humo ndimo lilimo jambo lililonivuta: asilimia. Mhusika hapandi ngazi wala hafungwi katika aina fulani ya shujaa. Ana ujuzi mbalimbali, na kila ujuzi una namba yake ya asilimia. Ukiwa na Kusikiliza 45, dadu zikitoa 45 au chini, umesikia nyayo nje ya mlango. Zikizidi, endelea na usingizi wako. Aliyemaliza shule ya msingi ameshaelewa.

Mwaka 1980 walizichambua kanuni hizo wakazitoa peke yake kwenye kijitabu chembamba, Basic Role-Playing. Mwaka uliofuata Sandy Petersen akazitumia kujenga Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotokana na hadithi za mwandishi wa Marekani H. P. Lovecraft, ambamo wachezaji ni watu wa kawaida wa miaka ya 1920: mwandishi wa gazeti, daktari, mwalimu, mkutubi.

Sasa tuko kwenye toleo la saba, na injini, yaani kanuni zile za asilimia, ni ileile. Hilo si jambo la kujisifia tu, lina faida mfukoni. Kwa wauza vitabu vya mtumba mjini nilipata visa vya zamani kwa Kifaransa, vya Jeux Descartes, waliokuwa wanatoa mchezo huu kwa Kifaransa tangu 1984. Kitabu hakina jalada na kuna mtu alikipikia chai juu yake. Nguvu za wahusika humo zimeandikwa kwa kipimo cha zamani, 3 hadi 18. Unazidisha kwa 5, unapata kipimo cha leo, unacheza jioni hiyohiyo. Jaribu kufanya hivyo na Dungeons & Dragons ya miaka ile na ya sasa, kutakucha bado unapiga hesabu.

Dadu ndizo zilitusumbua. Kwa kujaribu ujuzi unahitaji mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, na sijaona duka hapa linalouza kitu kama hicho. Kuna programu za simu, lakini simu ikizima na umeme umekatika mchezo umekwisha. Tulichofanya ni kukusanya vifuniko ishirini vya chupa za bia ya Simba, tukaviandika 0 hadi 9 mara mbili kwa kalamu ya wino mzito, tukavitia katika bakuli mbili. Unachota kimoja huku na kimoja kule bila kutazama: 4 na 7 ni 47, sifuri mbili ni 100. Toleo la saba lina kanuni ya kumpa mtu dadu ya pili ya makumi akiwa na nafasi nzuri, achukue iliyo bora. Kwetu mchezaji anarudisha kifuniko cha makumi, anatikisa bakuli, anachota tena. Hesabu ni sawa kabisa na ya dadu, na mlio wa vifuniko ndani ya bakuli la bati, gizani, unawatia watu woga kuliko maneno yangu.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya akili timamu. Kila mhusika anaanza na akiba ya akili inayotokana na nguvu ya roho yake, nayo ni namba kama nyingine. Akiona la kutisha, anajaribu kuchota chini ya namba hiyo. Akishindwa, akiba inapungua, na kwa kuwa imepungua, mara ijayo itakuwa vigumu zaidi kufaulu. Akipoteza 5 au zaidi kwa mpigo, anajaribiwa uwezo wake wa kufahamu. Hapo ndipo Petersen alipocheza kwa ujanja: ukishindwa kufahamu, umeponea, ukifaulu, umeelewa ulichokiona, na ndipo unapopagawa. Mezani kwetu yuko kijana mmoja, mwanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Kasapa, aliyejitengenezea mhusika mwenye bongo kali kupita wote. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia uchi barabarani.

Kisa kilichomo kinaitwa The Haunting, nacho ni cha zamani kama mchezo wenyewe. Kilikuwemo kwenye sanduku la 1981 kwa jina lililokaribiana na hilo. Mwenye nyumba huko Boston hapati mpangaji kwa sababu nyumba ina sifa mbaya, anawaomba wachezaji waichunguze. Siwezi kusema zaidi. Ila nilipomaliza kusoma utangulizi, mdogo wetu mmoja aliuliza: “Yaya, kama nyumba iko na pepo, garantie (malipo ya awali ya pango) ni ya miezi ngapi?” Na mwingine akataka kujua kama komisioneri, dalali wa nyumba, ameshakula pesa yake. Nikajua kisa kimefika.

Boston tuliiacha mara ya pili. Nilihamishia kila kitu Élisabethville, mji wetu huuhuu wakati wa Wabelgiji, na hapo mchezo ukachangamka. Mji ulianzishwa 1910, reli ikafika kutoka kusini mwaka huohuo, na tanuri la shaba la kampuni ya migodi ya Union Minière likaanza kuwaka 1911. Homa kuu ya 1918 ilikuwa bado haijasahaulika. Mji wa Wazungu ulitengwa na mtaa wa Waafrika kwa ukanda mtupu, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa Wazungu bila kibali. Sasa fikiria wachunguzi wako ni karani wa reli, katekista, mpishi wa nyumba ya Mbelgiji na fundi cherehani. Kitabu kinasema nenda maktaba ukasome magazeti ya zamani. Nani atamruhusu mpishi kuingia? Anamtegemea karani anayejua kusoma Kifaransa, naye karani anaogopa kazi yake. Nyumba ya pepo iko upande wa Wazungu, kibali kinaisha saa fulani, na polisi wako barabarani. Kisa kilichoandikwa kwa ajili ya jioni moja kilituchukua siku nyingi.

Na yule pepo wa ndani ya nyumba? Sikumtumia kama alivyoandikwa. Wazee wa hapa wanamjua mutumbula, mtu wa usiku aliyesemekana kuwateka Waafrika kwa ajili ya mabwana wake Wazungu, na aliyepotea haonekani tena. Mama mkubwa wa mwenye nyumba tunakochezea alikuwa anatusikiliza kutoka uani akichambua sombe (majani ya muhogo). Nilipolitaja jina hilo alikuja mlangoni, akatusahihisha namna mutumbula anavyotembea, kisha akatukataza kucheza baada ya saa tatu. Hata mashetani ya Lovecraft yenye mikono ya pweza hayajawahi kupata heshima hiyo.

Na huyo Lovecraft, lisemwe wazi. Alikufa 1937, na aliwachukia watu weusi kwa maandishi; Kongo yenyewe ameitumia kama shimo la kutolea mambo ya kinyama. Mtu mweusi akichezesha mchezo uliojengwa juu ya hadithi zake ana haki ya kuuliza anafanya nini hapo. Jibu langu ni kwamba kanuni hazimhitaji. Chaosium nao wamejisogeza: mwaka 2020 walichapisha upya kitabu cha Chris Spivey, Mmarekani mweusi, kinachouweka mchezo Harlem, mtaa wa New York, miaka ya 1920 na kuwafanya watu weusi kuwa ndio wachunguzi. Lakini katika kijitabu hiki cha bure utaletewa Boston na matatizo ya Boston, basi. Kazi ya kukileta nyumbani ni yako.

Malalamiko mengine. PDF niliyopakua ni ya Kiingereza. Mezani kwetu Kiingereza ni changu na cha mtu mmoja mwingine, kwa hiyo nasoma, nageuza Kiswahili na Kifaransa papo hapo, na fomu ya mhusika nimeiandika upya kwa mkono. Kwenye simu maandishi ni madogo na picha ni nzito. Mwenye mega chache apakue mara moja, wengine awarushie kwa Bluetooth. Ukitaka kuchapa, usichape yote. Kurasa zenye picha zinanyonya wino, na mtu wa fotokopi atakulipisha kama rangi. Toa karatasi za vielelezo, ramani na fomu, hayo yanatosha.

Kuna atakayeuliza kama kampuni yenyewe ni ya kuaminika, isije ikafa ukabaki na karatasi. Imeshakaribia kufa, tena si mara moja. Mwaka 1996 waliingia kwenye biashara ya karata za kukusanya, zikauzika, kisha soko likaanguka likawaburuza; Stafford mwenyewe akaondoka. Baadaye waliomba michango mtandaoni, toleo la saba likapata zaidi ya dola 500,000, lakini ahadi zilikuwa nzito kuliko fedha na watu wakangoja vitabu muda mrefu. Mwaka 2015 Stafford na Petersen walirudi kuizuia isizame, wakaikabidhi kwa watu wa kampuni ya Moon Design, ambao zamani walikuwa wapenzi wa michezo yake. Stafford alifariki 2018. Na mwaka 2023 Basic Role-Playing, ile injini ya asilimia, ilitolewa kwa leseni ya wazi: yeyote anaweza kuitumia kuandika na kuuza mchezo wake bila kuwalipa, mradi asiguse majina na dunia ambazo ni mali yao. Kwangu hilo lina uzito kuliko nyota za kutathmini, kwa sababu mutumbula si mali ya mtu wa California.

Nampendekezea mwenye marafiki watatu au wanne na subira ya kusoma Kiingereza kwa niaba yao. Anayetaka vita na panga atafute kingine. Humu wahusika wakipigana, kwa kawaida wanakufa. Watoto wadogo hapana. Karani wetu wa reli bado yuko hai, akili yake imebaki 31, na Jumamosi anaingia kwenye chumba cha chini.