Casio fx-991ES PLUS mbele ya namba 4294967297

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kalkuleta hii, Casio fx-991ES PLUS, wengi wenu mnaosoma sayansi mnayo kwenye begi, ila kuna kazi yake moja nadhani hamuigusi: FACT. Inavunja namba kuwa vigawo tasa, yaani visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. Leo naipima kwa namba moja, 4294967297. Ina tarakimu 10, na kwa FACT 10 ndio mwisho.

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliziangalia 3, 5, 17, 257 na 65537. Zote zinapatikana hivyo hivyo, kipeo kikiwa 1, 2, 4, 8, 16, na zote ni tasa. Akaamini na hii inayofuata ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaigawanya kwa 641, isibaki kitu.

Haya, tazameni kioo. Naandika namba, sawasawa, SHIFT, FACT. Papo hapo: 641 × (6700417).

Mmeyaona mabano? Kalkuleta hujaribu vigawo tasa hadi vya tarakimu tatu, cha mwisho 997. Kinachosalia kikifika 1018081, yaani 1009 mara 1009, haina uhakika tena kama ni tasa, ndipo inakifungia kwenye mabano. Mimi hapa naipa alama nyingi sana, kwa sababu haijifanyi imemaliza kazi.

Sasa tuimalize sisi, na hapa ndipo utamu ulipo. Mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1878 kwamba kigawo tasa chochote cha namba yetu, ukikigawanya kwa 128, lazima kibakize 1. Kama 6700417 si tasa, lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 2588 na ushei; na hadi 997 kalkuleta imeshajaribu. Kati ya 997 na 2588, tasa za aina hiyo ziko mbili tu: 1153 na 1409! Gawanya 6700417 kwa 1153, inabaki 334. Gawanya kwa 1409, inabaki 622. Imekataa kote kuwili, basi 6700417 ni tasa, mabano tunayafuta wenyewe.

Na jaribuni hili: punguza 2 kwenye namba yetu. 4294967295, FACT. Inatoka 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, bila mabano. Ni zile tasa tano za Fermat, zote kwa pamoja! Ya sita hakuna aliyeipata mpaka leo.

Kwa bidhaa yenyewe: kwa hesabu za darasani na michezo kama hii, inunue. Ukitaka kwenda kwenye 2 kwa kipeo cha 64, jumlisha 1, hapo haikufai. Namba hiyo ina tarakimu 20, na kioo kitakupa makadirio tu. Hiyo tutaivunja kwa kompyuta video ijayo. Wenye haraka anzeni na 274177, ndicho kigawo chake kidogo.