Uzoefu wangu na kikundi cha kukusanya taka zilizotenganishwa, Chumbageni, Tanga

Kwa zaidi ya mwaka sasa kaya yetu imehudumiwa na kikundi cha vijana na akina mama kinachokusanya taka majumbani katika sehemu yetu ya Chumbageni, jijini Tanga. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wakazi wanaojiuliza kama ada yake inastahili kulipwa, ilhali gari la taka la kawaida nalo linapita. Kwa upande wa taka kavu, sijapata huduma iliyo bora kuliko hii hapa mjini. Kwa upande wa taka zinazooza, kikundi kinaahidi jambo ambalo hakina uwezo wa kulitimiza, na anayetaka kujiunga ni vyema alifahamu hilo kabla hajalipa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila kaya hupewa viroba viwili, kimoja cha taka zinazooza na kingine cha taka kavu, na guta hupita mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla jua halijakali. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, hulipwa kwa simu, na kuhusu malipo sina lalamiko lolote.

Kilichonivutia zaidi ni umakini wao katika kiroba cha taka kavu. Mama anayesimamia mtaa wetu haondoki nacho hivi hivi, bali hukifungua palepale mlangoni, hutazama kilichomo, na chupa iliyobaki na maji au mtindi huirudisha kwa mwenye nyumba ikasuuzwe. Mwanzoni baadhi ya majirani waliliona hilo kuwa ni kudharauliwa, lakini ukielewa biashara ya urejelezaji inavyokwenda utaona kwamba mama yule ana haki. Mnunuzi hulipa kwa kilo, na boksi lililolowa mchuzi au plastiki yenye uchafu hushusha bei ya mzigo mzima au huufanya ukataliwe kabisa. Chupa za maji zilizo angavu hutengwa na zile za rangi, kwa kuwa plastiki isiyo na rangi ina matumizi mengi zaidi inaposagwa. Vizibo navyo huvuliwa, maana hutengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine na chupa yenyewe. Ni kwa mama huyo nilikojua kutazama namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya kila chombo: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu na chupa nyingi za sabuni, 5 ni vizibo vingi na ndoo nyingi za nyumbani. Makopo ya vinywaji hupimwa kwa sumaku, na yale yasiyonasa, yaani ya alumini, hugombewa kwelikweli. Sababu yake haifichiki, kwani kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata kutoka kwenye udongo wake wa asili.

Kuna vitu wasivyovichukua, na wanavitaja waziwazi tangu siku ya kujiunga. Vifungashio vya biskuti na bisi, vyenye plastiki na utando wa alumini vilivyogandishwa pamoja, havina mnunuzi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 iliondoa mifuko ya kubebea bidhaa, lakini vifungashio hivi vilibaki, na ndivyo ninavyoviona hadi leo vikiziba mifereji kila masika. Pampasi nazo huhesabiwa kuwa taka za kawaida. Chupa za soda za kioo hawajishughulishi nazo, kwa kuwa hizo zina njia yake ya siku nyingi: unairudisha dukani, inarudi kwenye kreti, na kreti inarudi kiwandani. Laiti chupa za maji nazo zingekuwa na utaratibu wa namna hiyo, viroba vyetu vingekuwa vyepesi sana.

Sasa nije kwenye taka zinazooza, ambazo katika nyumba za Tanga ndizo nyingi. Katika jiko linalopika kwa tui, machicha ya nazi, maganda ya ndizi na muhogo, maganda ya machungwa yanayoshuka kutoka Muheza kwa msimu, pamoja na mabaki ya samaki, hujaza kiroba kabla ya kile cha taka kavu kufika hata nusu. Kikundi kilitueleza kwamba taka hizo zitafanywa mboji. Niliamini hivyo hadi nilipopita kwenye kizimba cha kukusanyia taka nikavikuta viroba vyetu vya taka zinazooza vimemwagwa pamoja na taka za sokoni, vikisubiri lori la kwenda dampo. Nilipowauliza hawakuficha: hawana eneo la kutosha la kuozeshea, na mboji waliyowahi kutengeneza ilikaa bila wanunuzi. Ninathamini ukweli wao, lakini ni afadhali ungetamkwa siku ya kwanza. Taka mbichi zikifukiwa dampo bila hewa huzalisha gesi ya methani na maji machafu yanayopenya ardhini, na kaya inayohangaika kutenganisha jikoni ina haki ya kujua kama kazi yake inafutwa njiani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, kwa hiyo sidhani kuwa mzigo wa kutafuta eneo ni wa kikundi peke yake.

Tangu hapo taka zetu mbichi hazitoki nje ya ua. Nimetoboa matundu pipa kuukuu na kuliinua juu ya matofali, kisha kila sehemu moja ya taka mbichi ninaifunika kwa sehemu mbili au tatu za majani makavu ya mwembe na vipande vya boksi. Machicha yahitaji uangalifu, kwani yana mafuta na hugandamana, na yasipochanganywa vizuri hukosa hewa na kunuka vibaya. Samaki siweki, kwa sababu ya paka na panya. Pipa likigeuzwa kila wiki, katika joto letu mboji hukomaa kwa miezi michache, na mchicha wa uani umeipokea vizuri. Anayeishi chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi hataweza kufanya hivi, na kwake kasoro niliyoieleza ni kubwa kuliko ilivyo kwangu.

Mambo mawili mengine niyataje kwa ufupi. Mvua kubwa ikinyesha guta haliji, na taarifa hufika kwa kuchelewa, kwa hiyo maboksi yawekwe mahali pakavu. Pia kikundi hakina chombo cha betri za redio, balbu wala sindano. Mimi huzihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko mbali na watoto, na vioo vilivyovunjika ninavifunga kwenye gazeti na kumwonyesha mkusanyaji, kwa kuwa wengi wao hufanya kazi bila glovu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiwauzie moja kwa moja wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita na mizani, wanaomlipa yeye badala ya yeye kuwalipa. Awauzie tu, lakini hao huchukua vyuma na madumu, na vilivyobaki vyote humwachia mlangoni.

Kwa hiyo ninaendelea kulipa. Nimependekeza kwa viongozi wa kikundi kwamba kaya zisizotoa taka mbichi zitozwe nusu ya ada, na wamekubali kulipeleka pendekezo hilo katika kikao chao kijacho na ofisi ya mtaa.