Kabla Hujabadilisha Strima Yako ya Gharama, Uliza Itakufa Lini

Malalamiko yanayonifikia siku hizi kuhusu strima za bei kubwa, vile vifaa vinavyovuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya, hayahusu sauti hata kidogo. Mtu ana sanduku la alumini zito kama tofali, alilinunua kwa pesa ambayo ingemtosha amplifaya mbili, na sauti yake bado ni tamu. Ila huduma yake ya muziki haifunguki tena. Neno la siri ni sahihi, intaneti ipo, simu inacheza. Sanduku ndilo linalokataa. Akirudi alikonunua anaambiwa modeli hiyo imepitwa na wakati, kuna mpya, na tena mpya "inasikika wazi zaidi". Hapo ndipo ananiandikia: dada, ninunue mpya au nitulie?

Mara nyingi jibu langu ni: tulia. Kama strima yako bado inapokea masasisho na huduma unayoilipia inafunguka, pesa hiyo peleka kwenye spika, au kwenye mapazia na zulia zito la chumba unachosikilizia. Huko utasikia tofauti bila kukaza masikio.

Sitapoteza nafasi kulinganisha chipu zinazogeuza biti kuwa sauti, biti 32 na orodha ndefu za fomati. CD ni biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na hakuna strima ya maana inayoshindwa na mzigo huo au mkubwa zaidi. Wanaoabudu majina ya chipu wakumbuke Oktoba 2020, kiwanda cha AKM, watengenezaji wa chipu hizo, kilipoungua Japani. Kampuni kadhaa zililazimika kuhamia chipu za wengine, na vifaa vikaendelea kuuzwa na kusifiwa.

Ninachotaka tukikazie macho ni kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi: umri wa programu. Strima ni kompyuta. Kabla haijacheza noti moja, lazima ijitambulishe kwa seva za watu wengine, ikaguliwe vyeti vyake, ikubaliwe. Siku mlango mmoja ukifungwa, vyuma vyote vinabaki vizima na muziki hakuna.

Mifano si ya kutafuta. Logitech iliinunua kampuni iliyobuni strima za Squeezebox mwaka 2006, ikaacha kuzitengeneza mwaka 2012, na mwaka 2024 ikazima seva ya mtandaoni iliyokuwa ikizihudumia. Machi 2025, Chromecast Audio, strima ndogo ambazo Google ilikuwa imeacha kuziuza tangu 2019, zilikata ghafla kwa sababu cheti cha usalama kilichokuwa ndani yake kilikwisha muda. Google ilituma tiba baada ya siku kadhaa, na ilikuwa hiari yake. Mtengenezaji mdogo aliyefilisika asingetuma chochote.

Halafu kuna kisa cha MQA, fomati ya kubana faili za muziki, ambacho bado kinanichoma. Kwa miaka tuliambiwa strima isiyofungua MQA ni ya kizamani. Watu waliuza vifaa vizima kabisa ili wapate kile kitaa kidogo kinachowaka. Aprili 2023 kampuni ya MQA ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, Septemba mwaka huo kampuni ya Lenbrook ikanunua mali zake, na Julai 2024 huduma ya muziki ya Tidal ikaiacha fomati hiyo na kubaki na FLAC, fomati huru isiyopunguza muziki. Wauzaji wale wale waliotuhubiria MQA leo wanahubiri kingine, na sijamsikia hata mmoja akisema samahani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, nenda dukani na ufanye jaribio wasilolipenda. Omba ruta iachwe ikiwaka lakini laini ya nje ichomolewe, kisha uombe kifaa kicheze faili lililo kwenye diski ya mtandao wa ndani. Kikicheza, unanunua kifaa. Kikikudai uingie kwanza kwenye akaunti ya mtengenezaji, unakodisha, tena kwa mkataba ambao hujaonyeshwa. Swali la pili: modeli yenu ya zamani kuliko zote ilipata sasisho la mwisho lini? Usijali ahadi kuhusu mpya, waulize walichowafanyia wateja wa zamani. La tatu: apu yenu ikifa, ninaweza kukiendesha kwa apu ya mtu mwingine?

Sasa orodha yangu, kwa mpangilio wa upendeleo. Ndiyo, nina upendeleo.

Ya kwanza ni Lumin U2 Mini. Haina DAC ndani, yaani kigeuzi cha biti kuwa sauti. Kazi yake ni kupokea muziki na kuukabidhi kwa DAC uliyoichagua mwenyewe. Huo ndio mpangilio ninaoupigania siku zote: sehemu inayozeeka haraka ikae mbali na sehemu inayoweza kudumu miaka. Lumin inatumia OpenHome, mfumo ulio wazi kwa apu za wengine, kwa hiyo hata apu yao ikitoweka kesho, apu kama BubbleUPnP inaweza kuiendesha. Kilichonimaliza hasa ni historia yao. A1, strima yao ya kwanza, iliingia sokoni kabla Roon, programu ya kupanga na kuchezesha muziki, haijatoka mwaka 2015, lakini baadaye ikapewa uwezo wa Roon Ready, yaani kupokea muziki kutoka Roon, kwa sasisho tu. Hakuna aliyeambiwa anunue sanduku jipya. Kasoro yake ni kwamba haina Wi-Fi, lazima uvute waya wa mtandao mpaka ilipo. Wengi linawaudhi hilo. Mimi naona ni antena moja pungufu ya kuharibika.

Ya pili ni Linn, hasa kwa mwenye strima yao ya zamani ya Klimax. Waskoti hawa walianza strima mwaka 2007 na wakatangaza kuachana na vicheza CD mwaka 2009, wakati wengi wakiwacheka. DAC yao ya Organik ilipotoka mwaka 2021, baadhi ya wenye Klimax za zamani walipewa njia ya kuiweka kwenye mashine walizo nazo. Huko ndiko kuboresha ninakokuelewa: unabadilisha ubao, sanduku linabaki. Bei ya ubao wenyewe nakushauri uisome ukiwa umekaa.

Ya tatu, Cambridge Audio CXN100. Hii ina DAC ndani, lakini ina milango mingi ya kupokea muziki: AirPlay 2, Google Cast, Spotify Connect, Tidal Connect, Roon Ready na UPnP. Mmoja ukifungwa unapitia mwingine. Kwa asiyetaka masanduku mawili, aishie hapa.

Ya nne ni Eversolo DMP-A6, ambayo kila mtu ananiuliza kwa sababu ya kioo chake kikubwa. Inapendeza, sibishi. Ila ndani ni Android, na sote tuna simu ya zamani kabatini ambayo apu zimekataa kuendelea nayo. Sijaona sababu ya kuamini kwamba kioo cha strima kitapona ugonjwa huo.

Za bei nafuu, WiiM Pro. Ina njia ya kutoa muziki kwa DAC ya nje, nayo inatuma biti zile zile. Basi.

Najua utaniuliza: kama biti ni zile zile, Lumin ya nini? Kwa sauti, sina hoja ya vipimo. Muziki unasafiri mtandaoni kwa vifurushi. Kimoja kikipotea kinatumwa upya, na vyote vinasubiri kwenye bafa, hifadhi ya muda, kabla ya kuchezwa. Kinachoweza kupenya ni kelele za umeme kupitia waya wa USB, nazo unazikata kwa kuunganisha strima na DAC kwa waya wa mwanga, Toslink, ambao haupitishi umeme. Jaribu hilo kwanza, waya wake ni wa bei ya chini kabisa kwenye rafu. Lumin ninaipenda kwa namna inavyowatendea wenye mashine zake za zamani.

Na ukienda kusikiliza dukani, kaa chonjo. Sikio la binadamu hudhani chenye sauti kubwa kidogo ndicho bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja. Muuzaji anayegusa kitufe cha sauti anapohama kutoka kifaa cha zamani kwenda kipya anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Omba viwango vilinganishwe kwa kipimo. Akianza kukueleza habari za swichi ya mtandao ya "waungwana wa muziki" na waya wa ruta wenye mwelekeo, muulize mwelekeo huo unajuaje kifurushi kinakwenda au kinarudi, maana vinapita pande zote mbili.

Kuna hali moja ambayo nakubali ubadilishe upesi. Spotify walileta muziki usiopunguzwa Septemba 2025, lakini kupitia Spotify Connect kifaa chenyewe lazima kiwe kimewezeshwa kwa sasisho. Kama huduma yako ni hiyo, na mtengenezaji wako yuko kimya, umeshapata jibu kuhusu umri wa strima yako. Iuze sasa, wakati bado inafunguka kwenye meza ya mnunuzi, na kabla hujaikabidhi itoe kwenye akaunti yako. Na ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji afanye hivyo mbele yako. Sanduku lililofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine duka halitakufungulia, litakuuzia lingine.