Periodika.lv: kumsaka mwanasoka wa Latvia wa kabla ya vita

Anayetaka kufuatilia maisha ya mwanasoka wa Latvia wa miaka ya 1920 na 1930 aanzie Periodika.lv, hazina ya magazeti ya Maktaba ya Taifa ya Latvia. Ni bure, na unatafuta neno lolote ndani ya kurasa zenyewe. Wengi huandika jina kama linavyoandikwa leo, wakaambulia patupu, wakadhani hakuna kitu.

Mchukue Vestermans, mshambuliaji wa timu ya taifa. Tahajia ya zamani ilitumia W penye V, kwa hiyo andika Westermans. Pētersons naye alikuwa Pehtersons, h ikirefusha irabu. Kisha kuna Fraktur, zile herufi za Kijerumani zilizong'ang'ania katika baadhi ya magazeti hata baada ya tahajia kubadilishwa. S yake ndefu kompyuta huiona f, basi jaribu hata Weftermans. Usicheke. Isitoshe, Kilatvia hugeuza miisho ya majina: Vestermana, Vestermanam, Vestermanu. Tafuta kila umbo.

Tarehe ya mechi hukufikisha upesi zaidi. Latvia ilifungwa na Austria 2-1 mjini Vienna tarehe 5 Oktoba 1937, kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Fungua gazeti la Jaunākās Ziņas la siku zilizofuata, usome habari za michezo kwa macho. Ukitafuta mji, andika Vīne. Linganisha na Rigasche Rundschau, gazeti la Kijerumani la Riga. Taarifa za mechi mara nyingi hutaja jina la ukoo tu, na ndugu wawili wakichezea klabu moja ni rahisi kumpa mmoja mabao ya mwenzake.

Kwa kuzaliwa, hamia Raduraksti, tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya Latvia, palipo na vitabu vya ubatizo. Angalia kalenda: tarehe za kabla ya 1918 kwa kawaida ni za Julian, kalenda ya zamani, na kuanzia Machi 1900 huwa nyuma ya kalenda ya leo kwa siku 13. Aliyeandikwa 5 Novemba 1908 alizaliwa 18 Novemba.

Baada ya uvamizi wa Wasovieti wa Juni 1940 magazeti mengi ya awali yalifungwa, na hapo Periodika.lv hupungua nguvu. Kama mchezaji alikimbilia Ujerumani mwaka 1944, jaribu Arolsen Archives, hifadhi ya nyaraka iliyoko Ujerumani, ambako karatasi za kambi za wakimbizi zinaweza kumtaja, safari hii kwa tahajia ya karani Mjerumani.