Super Napier kwa ng'ombe na biogesi: uzoefu wangu

Nilinunua pingili za Super Napier, ile inayoitwa Pakchong 1, nikitaka malisho ya uhakika na samadi ya kutosha kwa mtambo wangu wa biogesi. Nimeikata kiangazi na masika hapa Meru, Arusha. Ni majani mazuri kweli, ila wauzaji wanayatia chumvi.

Ni chotara ya Thailand, iliyopatikana kwa kuchanganya mabingobingo, ambayo asili yake ni huku Afrika, na uwele. Haizai mbegu za kupanda, kwa hiyo utahitaji pingili zenye macho mawili au matatu. Ukishapanda, hulimi tena kila mwaka: unakata, visiki vinachipua, unakata tena. Jani lake ni pana na laini, mkataji hawashwi mikono.

Sasa gesi. Muuzaji wangu alinitajia tani 200 za majani kwa ekari kwa mwaka. Hata ukizipata, majani mabichi karibu asilimia 80 ni maji, na gesi haitoki kwenye maji. Halafu yakikomaa sana shina linakuwa gumu, ng'ombe analibakiza na bakteria wanaotengeneza gesi mtamboni hawaliwezi. Mimi nakata yakinifika kifuani, nayapitisha kwenye mashine yatoke vipande vya sentimita mbili hivi, nayaacha yanyauke kidogo, ndipo nalisha. Kwenye mtambo wa kuba kama wangu usitumbukize majani moja kwa moja. Yanaelea, yanashikana juu ya tope na kufanya tabaka gumu, gesi inakwama chini yake. Mitambo mikubwa ina vikorogeo. Sisi kikorogeo chetu ni tumbo la ng'ombe. Samadi nachanganya na maji nusu kwa nusu, natoa mabua yaliyobaki kwa mkono, na jikoni mwale ni wa bluu safi. Maharage yanaiva bila kuni.

Kilichoniudhi ni kuambiwa haihitaji mbolea. Si kweli hata kidogo! Kila mkato unaondoka na naitrojeni na potashi ya shamba lako. Tope linalotoka mtamboni nalimwaga kwenye mistari mara tu baada ya kukata, na tofauti inaonekana kwa macho: mistari isiyopata tope huchipua njano na nyembamba.

Jambo jingine, kagua shamba la anayekuuzia. Ugonjwa wa udumavu, uliowaumiza sana wafugaji wa magharibi mwa Kenya na Uganda, husafiri ndani ya pingili. Ukiona kichaka chenye vichipukizi vingi vifupi vya manjano, usinunue hapo hata ukipewa bei ya bure.

Kwa mwenye ng'ombe wawili na kuendelea, mvua ya wastani na mashine ya kukatakata, naipendekeza. Asiye na mifugo asiinunue kwa ajili ya gesi tu. Mimi naongeza mistari mingine vuli hii, nikichukua pingili kwenye vichaka vyangu mwenyewe.