Peugeot PX-10 ya Miaka ya 1970: Ukitaka Kuiuza, Itakurudishia Nini?

Kwetu Afrika Mashariki jina la Peugeot humkumbusha mtu gari la 504, ilhali Wafaransa wanalijua pia kwa baiskeli za mashindano, na Bernard Thévenet alishinda Tour de France mwaka 1975 na 1977 akiwa katika timu ya kampuni hiyo. Sifa hiyo ndiyo inayowafanya wauzaji wataje bei kubwa kwa kila baiskeli kuukuu yenye nembo ya simba, jambo ambalo mnunuzi hapaswi kulikubali kabla hajaikagua fremu.

PX-10, baiskeli ya mashindano ya Peugeot, niliyoinunua Lyon kwa mtu binafsi ni nyeupe, na viungio vya fremu yake, vya chapa ya Nervex, vina nakshi nyeusi. Thamani yake kubwa imo katika mabomba ya fremu, ya chuma chepesi cha Reynolds 531. Stika ya Reynolds peke yake si ushahidi, kwa kuwa stika mpya za kuigiza zinauzwa, kwa hiyo nilichomoa paipu ya siti na kuipima: milimita 26.4, kipimo kinachostahili mabomba ya Reynolds yenye kuta nyembamba. UO-8, ndugu yake wa bei nafuu, hutumia paipu nyembamba zaidi kwa sababu mabomba ya fremu yake ni ya chuma cha kawaida na kuta zake ni nene. Kuchomoka kwa paipu hiyo bila shida ni nafuu nyingine, maana iliyoganda humla fundi siku nzima. Kisha nilipitisha kidole chini ya bomba linaloteremka kutoka shingoni. Pangekuwa na mkunjo hapo, hata mdogo kama ukucha, ningejua kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na ningeondoka.

Kasoro zilikuwepo. Kibadilisha gia cha chapa ya Simplex kina sehemu za plastiki, na cha kwangu kilikuwa na ufa ambao muuzaji alikuwa ameufunika kwa grisi. Tairi za kubandikwa kwa gundi zilikuwa zimekauka na kupasukapasuka. Linalopunguza bei zaidi, hata hivyo, ni hesi za Kifaransa: vikombe vyote viwili vya beringi za ekseli ya pedali hufungwa kwa kuzungushwa kulia, kwa hiyo cha upande wa mnyororo huelekea kulegea, na vipuri vya Kiingereza, ambavyo ndivyo vimejaa madukani, havikubali kuingia. Shingo ya usukani nayo ni ya milimita 22, pungufu ya 0.2 tu kuliko iliyozoeleka, na pungufu hiyo ndogo inatosha kukusumbua.

Muuzaji alitaka euro 600. Baada ya kumwonyesha ufa tuliafikiana 380. Nilitumia 120 kwa tairi na kibadilisha gia cha aina ileile, kwa kuwa wakusanyaji hukata bei wakiona kipuri cha Kijapani. Mwaka uliofuata bei ya juu niliyopewa ilikuwa 450, nami nikaamua kuendelea kuiendesha.