TAHADHARI: Kadi ya kupima macho na "kamsa ya siri" zinazouzwa mtandaoni hapa Nairobi

Wenzangu wa Umoja, Donholm, Kayole na kwingineko, kuna muuzaji anayezunguka mtandaoni na kifurushi anachokiita "usalama wa familia". Ndani mna kadi ya kumpimia mtoto macho nyumbani na kamsa mbili ndogo za kuficha (ving'ora vya kujihami unavyovuta pini vikalia), moja yenye umbo la rangi ya mdomo na nyingine ya kuning'iniza kwenye funguo. Shilingi 4,800. Usinunue. Mimi nilinunua.

Jina la ukurasa silitaji, maana tangu nilipe limeshabadilika mara mbili. Utamjua kwa maneno yake. Atakwambia ni uvumbuzi mpya "uliothibitishwa Nakuru". Hapo ndipo aliponinasa, kwa sababu habari za Nakuru nilikuwa nazo, na ni za kweli. Daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake waliijaribu huko programu ya simu inayoitwa Peek Acuity, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Lakini ile ni programu ya simu, ilitolewa bure. Haina kadi, haina kifurushi, wala haina mtu wa boda wa kukuletea stejini. Tapeli ameokota ukweli wa watu wengine akautia kwenye gunia lake na mbuzi wake.

Nilimuuliza duka liko wapi. Akasema barabara ya Luthuli, ghorofa ya pili, ila "leo tunahesabu stoku madam, tutakuletea tu." Nilipoingiza namba yake kwenye M-Pesa, jina lililotokea halikuwa na uhusiano wowote na la ukurasa. Eti ni la mhasibu. Nikaweka PIN. Kwa hilo sina wa kumlaumu.

Sasa hiyo kadi. Maelekezo yanasema mtoto asimame mita 6, afunike jicho moja, asome. Kwangu mita 6 ni kutoka dirisha la jikoni mpaka nje koridoni, mlango ukiwa wazi na majirani wakipita katikati. Kijana wangu wa Gredi ya 3 alisoma vizuri hadi mstari wa tano, wa sita akakwama. Nikajipima mimi, wa sita nikakwama. Akaja baba yao, mtu anayesoma namba ya matatu wakati sisi bado tunauliza kama ni matatu au lori. Naye wa sita ukamshinda. Nyuma ya kadi wameandika: "Ukishindwa mstari wa 6 wasiliana nasi haraka." Nikapiga. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtoto anahitaji matone ya "kusafisha lenzi", chupa 3, kila moja 2,500.

Kilichoniokoa ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo ya macho. Alikuja Jumapili kula chapati, akaiona kadi mezani, akaomba rula. Herufi kubwa ya juu ilikuwa na kimo cha milimita 44. Akacheka, halafu akanieleza. Tangu Mholanzi Herman Snellen alipotengeneza chati yake mwaka 1862, kimo cha herufi huenda pamoja na umbali wa msomaji. Chati ya mita 6, ile herufi ya juu kabisa inatakiwa iwe karibu milimita 87, na zile ndogo za mstari wa 6/6, anaousoma mwenye macho ya kawaida, ziwe karibu 9. Ya milimita 44 ni chati ya mita 3. Wao wamechukua chati ya mita 3 wakaandika mita 6, kwa hiyo hata mwenye macho mazima atashindwa mistari ya chini. "Shangazi, hii kadi imetengenezwa ufeli," akasema. Yaani kadi ni chambo, biashara yenyewe ni matone.

Na hayo matone, mama mmoja wa ploti yetu alikuwa ameshanunua. Chupa imebanduliwa lebo. Huyo mtoto wa kaka yangu alimsihi asiyatumie, kwa sababu matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) yakitumiwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho, na kwa chupa isiyo na jina huwezi kujua kilichomo.

Nije kwa kamsa. Waliandika desibeli 140. Tulishuka uani jioni, binti yangu akavuta pini. Ikalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Askari wa geti, hatua kama ishirini hivi, hakugeuza hata shingo. Alikuwa na redio yake. Tukapima kwa simu, ikaonyesha kama 80. Najua simu si kipimo cha kuapia, lakini kila desibeli 10 zikiongezeka nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kutoka 80 hadi 140. Ile ya rangi ya mdomo, kifuniko hakina skrubu. Betri za saa zilinidondokea kiganjani. Mwenye mtoto mdogo hapo asikilize: betri hizo zikimezwa zinaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Ni hospitali moja kwa moja, usisubiri dalili.

Linaloniuma kuliko pesa ni hili. Binti hutoka darasa la jioni, anashuka stejini saa mbili usiku. Zamani alizunguka barabara yenye taa. Kumbe wiki nzima alikuwa anakata kichochoro cha nyuma ya ukuta, kwa sababu "si nina kamsa, mum?"

Kuhusu pesa: niliutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 nikiomba zirudishwe, lakini alikuwa ameshazitoa. Ukikosea kulipa, fanya hivyo dakika hiyo hiyo, si kesho. Ujumbe wa utapeli utume 333. Laini ya bure ya DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, ni 0800 722 203. Na bidhaa ikiwa na alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango), andika SM# na namba ya kibali chake, utume 20023 uone kama inajulikana. Yangu haikuwa na alama yoyote, nami sikuangalia.

Mtoto nilimpeleka kliniki ya macho, wakampima kwa chati ya kweli. Macho mazima. Ukiwa na wasiwasi, hospitali za macho zipo: Kikuyu wapo, Lions ya Loresho wapo, Kenyatta wapo. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto kwenye picha, nenda siku hiyo hiyo.

Kama nawe amekuuzia, nitumie picha za mazungumzo yenu na ujumbe wa malipo, ila ficha PIN na namba ya kitambulisho. Tumeshafika wanne. Alhamisi asubuhi tunaenda kuandikisha taarifa pamoja.